Kumrudisha Baharia Aliyekwisha Kuzikwa

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, mlangoni kanisani, sokoni, na pale tunapokutana Jumamosi kusomeana kazi zetu: mlifika? Nami nimekuwa nikijibu kwamba tulifika, kisha nageuza mazungumzo. Sikuwa nawaficha. Jibu fupi ni la kweli lakini halisemi kitu, na jibu refu lilihitaji nikae chini na kalamu. Sasa nimekaa. Someni polepole, na pole zenu ziwekeni mpaka mwisho.

Kutoka Msamala

Kwa wasioijua familia yangu: Bibi Otilia ni mama wa mama yangu. Alipofiwa na mumewe alirudi kwenye uwanja wa baba yake, kijijini kwetu mbele ya Namtumbo, katikati ya mashamba ya tumbaku na mahindi. Babu Kasiani ni mdogo wake, wa pekee. Alikwenda jeshini akiwa kijana, akapangiwa wanamaji, yeye ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni mto wa kijiji wakati wa masika. Akawa baharia maisha yake yote ya kazi. Mimi sikuwahi kumwona. Nilichokijua kwake tangu utotoni ni kaburi lake.

Kabla mama hajazaliwa, mtu wa kwetu aliyekuwa kibarua bandarini Dar es Salaam alileta habari kwamba boti aliyokuwamo Kasiani imepotelea baharini. Nyumbani walisubiri masika yote na kiangazi chote, mwili haukuja. Katika ukoo wetu, mtu wa namna hiyo hazikwi kwa maneno matupu. Hukatwa gogo la mgomba lenye kimo chake, huvishwa shati lake, na dada yake mkubwa hulibeba mgongoni kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto, mpaka shimoni. Hulilaza kwa mkono wake wa kulia. Bibi Otilia alilibeba gogo lile na kulilaza ubavuni mwa mama yao.

Mwaka uliofuata Kasiani akatokea njiani, mzima, begi begani. Boti yao ilikuwa imezimika injini, ikaelea, meli ya mizigo ikawaokota na kuwashusha nchi ya mbali, na kurudi kulichukua miezi. Baba yake alimwona kwa mbali, akatoka mbio kumzuia. Mtu aliyezikwa kwetu hakanyagi ardhi inayofagiliwa na ufagio wa nyumba yake. Hali kilichopikwa katika jiko lake, na akifa hazikwi kwao, mpaka mkono uliolilaza gogo ulitoe, naye mwenyewe awe amesimama pale ufagio unapoishia, anatazama. Lazima uwe mkono uleule. Na siku ile mkono uleule haukuweza, maana Bibi Otilia alikuwa mjamzito, na mjamzito hafukui kaburi. Mimba ile ndiyo mama yangu.

"Akijifungua tutakuita," baba yake alimwambia. Kasiani aligeuka palepale, na hakunywa hata maji. Alipoitwa, alikataa. Alijibu kupitia wasafiri: dada ang'oe kwanza, nikisikia ameng'oa nitakuja. Dada akajibu kupitia wasafiri: aje kwanza, nitang'oaje naye hayupo? Mkitaka kuupima utumishi wa babu yangu majini, ndio huo. Ni maneno mawili yaliyokuwa yakipita kati ya bahari na Namtumbo miaka nenda rudi, mpaka waliokuwa wakiyabeba wakaanza kufa.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mama alipigiwa simu kutoka Kigamboni. Moyo wa Babu umechoka, daktari amesema apumzike, naye amesema: sasa nakuja. Anataka akifa alazwe kwa mama yake. Bibi akaniita kijijini. Alinyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wangu, akaukunja ngumi, akaukunjua.

"Bado unafumba," alisema. "Nenda kanichukulie Kasiani kabla haujakataa."

Akanifungia mahindi makavu kwenye kitambaa. Alinionya yasipite karibu na jiko letu. "Hayo yametoka ghalani, na ghala halina moto. Mpe hivyohivyo."

Kigamboni

Nilivuka kwa pantoni nikiwa na njaa ya mwandishi, ambayo ninyi mnaijua na ambayo sasa inanitia aibu. Nilijiandaa kukusanya dhoruba na maharamia. Nilimkuta mzee mwembamba, shati limenyooshwa, amekaa nje ya chumba cha kupanga ambacho mlango, dirisha, ndoo na kigoda vyote vilikuwa na rangi moja ya kijivu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Otilia?"

"Mimi ndiye."

"Una paji lake la uso. Kaa. Si hapo, rangi haijakauka."

Nilimpa mahindi. Alifungua kitambaa, akaingiza vidole ndani ya punje, akavituliza humo muda mrefu kama mtu anayenawa. Kisha akafunga na kukitia mfukoni, na tangu hapo hakukitoa tena mpaka Makambako.

Nilimuuliza kama alipigana vita.

"Nilikwangua kutu."

"Na dhoruba, Babu?"

"Baada ya dhoruba kutu huwa nyingi zaidi."

Ndivyo alivyonieleza kazi yake, na nasikitika kuwaambia kwamba hakunificha lolote. Chuma kikikaa majini kinaliwa. Baharia wa kawaida hukwangua kutu kwa patasi, hupiga msasa, hupaka rangi ya kwanza na ya pili, na akifika mwisho wa boti, mwanzo wake umekwisha kuota kutu. Alifanya hivyo Dar es Salaam, Mtwara, Mwanza na Kigoma. Akafundisha vijana kufanya hivyo, vijana wakawa maofisa, naye akawaandalia boti. Alistaafu akiwa sajenti.

Mama mwenye nyumba, mtu wa pwani mwenye moyo mkubwa, alitupikia samaki wa nazi usiku wa kuagana, akala kidogo na kulia sana. "Mwanangu, mimi miaka yote najua mzee huyu hana kwao," aliniambia. "Tukimuuliza anasema kwao walishamzika. Sisi tunacheka. Tunasema mzee ana utani. Kumbe masikini ya Mungu anasema kweli."

Kigamboni hadi Mikumi

Basi liliondoka kabla ya jua. Nilimkalisha Babu dirishani. Upande wa pili alikaa kijana wa kuuza simu anayekwenda Njombe, mchangamfu, mwenye karanga za kugawa. Akamuuliza Babu alikuwa akifanya kazi gani.

"Baharia."

Kijana akacheka mpaka akajipiga paja. "Mzee, hata sisi mabaharia. Una wangapi mjini?"

Babu hakujua kwamba siku hizi vijana wa mjini humwita baharia mwanamume mwenye wanawake wengi. Alifikiri anaulizwa habari za wenzake. "Wengi wamekwisha kufa," alisema. "Mjini nimewaacha wawili tu, na mmoja haoni."

Kijana aliacha kucheka, akamwongezea karanga. Nami nilimpenda kwa hilo, kwa kuwa hakumsahihisha.

Baada ya Morogoro Babu alianza kupumua kwa kifua cha juu. Tulipofika Mikumi, abiria wote wakasimama upande mmoja kutazama twiga waliokuwa wakivuka barabara. Yeye aliangalia chini, mikono magotini. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Naona tunapanda. Nimezoea mahali ambapo hakuna kupanda."

Nikataka kuiandika sentensi hiyo. Nilitoa kalamu, nikaona midomo yake imekuwa na rangi ya majivu, nikairudisha kalamu kwenye mkoba. Niseme hapa kwamba sentensi hiyo moja ndiyo kitabu kizima cha safari nilichokuwa nimekipanga.

Kitonga

Chini ya mlima Kitonga magari yalikuwa yamesimama, mkia umefika mtoni. Lori la saruji lilikuwa limelala kwenye kona ya juu, na barabara ni moja, ukuta huku na bonde huku. Konda alisema ni suala la nusu saa. Baadaye akaacha kusema. Watu walishuka, wakachimba dawa vichakani, wakanunua vitunguu ambavyo hawakuvihitaji, kwa kuwa wauzaji walikuwa wachangamfu kuliko msiba wetu. Mama mmoja alianza kuchoma mahindi mabichi kando ya tairi la basi letu. Mchana ukaja ukapita.

Bibi alipiga simu. Mtandao ulikuwa dhaifu, nikaweka sauti ya nje. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekibeba. Bibi hakuweza kusema na mdogo wake, kwa sababu mzishi hazungumzi na aliyemzika mpaka gogo litoke. Basi walizungumza kupitia kwangu, nami nimekaa katikati, kila mmoja anamsikia mwenzake waziwazi.

"Huyo uliye naye amekula?" Bibi aliuliza.

Babu akanitazama. "Mwambie nimekula karanga."

"Bibi, anasema…"

"Nimesikia kwani mimi kiziwi? Mwambie karanga si chakula. Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo, kula kama kuku."

"Mwambie kuku ndiye aliyenifundisha, maana dada alimaliza ugali."

Nilisikia Bibi akipumua, au ulikuwa upepo wa kijijini kwetu ndani ya simu.

"Mmefika wapi?"

"Kitonga, Bibi. Lori limeanguka."

"Kitonga ndiyo wapi? Kesho mtafika?"

"Tutafika, Bibi."

"Jembe nimekwisha kulinoa. Vijana wamesafisha majani. Kesho asubuhi uwanja unafagiliwa. Mwambie huyo…" Akasita, na simu ikakatika, au aliikata.

Babu alikaa kitako juu ya jiwe. Kwa muda alitazama bonde, ambalo jioni ile lilikuwa na ukungu umetanda kama maji. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Aliwahi kupelekwa Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, akakaa huko muda si mfupi. Kutoka Mbamba Bay mpaka Songea ni safari ya siku moja hata kwa barabara ya zamani. Siku za gulio walikuja akina mama kutoka huku juu kununua dagaa. Alikuwa akiwasikia wakipatana bei kwa Kingoni, naye yumo ndani ya boti, amelala chali chini ya sitaha anakwangua.

"Hukutoka, Babu?"

"Sikutoka."

"Kwa nini?"

"Ningetoka wangeniuliza, wewe mtoto wa nani? Ningesemaje?"

Lori liliondolewa jua likizama. Kama lisingeanguka, jioni ile tungekuwa Songea, na kesho yake asubuhi tungekuwa pale ufagio unapoishia. Nimelifikiria lori lile kuliko ninavyowafikiria watu wengine walio hai.

Makambako

Tulilala Makambako, kwenye gesti iliyo nyuma ya kituo, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Asubuhi tuliingia kwa mama lishe mmoja, Mbena mnene mwenye koti la mwanamume, aliyekuwa akikaanga maandazi. Babu alitoa kile kitambaa mfukoni.

"Mama, naomba unikaangie haya."

Mama lishe akatazama punje kavu. "Hizi ni mbegu, mzee. Utavunja meno yaliyobaki."

"Yavunjike."

"Si ungekula andazi tu?"

"Andazi nimelila miaka yote."

Alicheka, akazikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka zikapasuka na kunukia. Harufu ya mahindi ya kwetu yakikaangwa mnaijua. Ni moshi na utamu, ni jua la Septemba kwenye mgongo wa ghala. Jiko halikuwa letu, moto haukuwa wetu, hivyo hakuna mwiko uliovunjwa. Babu alitafuna moja moja, taratibu, kwa upande mmoja wa kinywa. Alipobakiza chache alizifunga tena. Mama lishe alikataa malipo ya kukaanga, akasema kama mzee anakula mbegu, basi atuletee mavuno.

Nilikuwa bado natabasamu mama aliponipigia. Nikatoka nje.

Jana jioni, baada ya ile simu ya Kitonga, Bibi alikwenda kuangalia tena jembe. Wakamkuta ameanguka mlangoni mwa ghala. Presha. Wamemkimbiza hospitali Namtumbo. Hasemi. Upande wa kulia umelala.

Nilisimama katikati ya mabasi yanayonguruma. Nilipogeuka, nilimwona Babu kupitia mlango, akiwaeleza madereva wawili wa malori jinsi ya kutunza chasi isiliwe na kutu, akichora kwa kidole mezani. Uso wake ulikuwa umechangamka. Nikaingia, nikanywa chai, nikamwambia tuondoke.

Njombe hadi Songea

Niliibeba habari ile kupita Njombe na mashamba yake ya parachichi. Kila kilima nilisema nitamwambia kilima kinachofuata. Basi lilisimama ili watu wanunue viazi, na akina mama waliuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye madumu. Babu akaomba kikombe. Alisema ulanzi haujabadilika, kilichobadilika ni kikombe, maana zamani kilikuwa cha kibuyu.

Kwenye miteremko ya Lukumburu, pale unapoanza kuona kwetu, nilimwambia. Nilisema kila kitu kwa sentensi moja ndefu isiyo na mahali pa kupumzika.

Tulipita kona mbili.

"Mkono gani?" aliuliza.

Hakuuliza kama atapona. Mwanzoni jambo hilo liliniumiza, kisha nikaelewa kwamba ndiyo namna pekee aliyokuwa nayo ya kuuliza yote.

"Wa kulia, Babu."

Akageukia dirisha. Machozi hayakumtoka. Alifanya jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulitazama: alipitisha ukucha kwenye fremu ya chuma ya dirisha la basi, akakwangua kutu kidogo, akapuliza, akakwangua tena. Aliendelea hivyo mpaka Madaba.

Songea, kusubiri

Nilimlaza kwangu Msamala, chumba cha uani. Bibi aliwekwa hospitali siku kadhaa, nasi tulisubiri. Mama alitaka Babu aende akamwone kitandani. Alikataa.

"Hospitalini hakuna mpaka," alisema. "Nikienda pale nitakuwa mgeni wa wagonjwa. Dada alisema niwe pale ufagio unapoishia. Nitakuwa pale."

"Mjomba, hali yake si nzuri," mama alisema kwenye simu. "Anaweza asitoke."

"Basi na mimi nitasubiri nisitoke."

Nilikwenda kwa padri wetu kuuliza. Alinipokea vizuri. Alisema kwa Kanisa mzee yupo huru, anaweza kuzikwa hata kesho katika makaburi ya parokia, na kwamba gogo la mgomba halimfungi mbatizwa. Nilimfikishia Babu maneno hayo. Akashukuru.

"Padri anasema kweli," alisema. "Lakini mama yangu hayupo parokiani."

Jioni alikaa uani kwangu akisikiliza redio kwa sauti ya chini, na kila gari la Namtumbo lililopita barabarani aligeuza kichwa.

Namtumbo na mbele yake

Bibi alirudishwa nyumbani siku ya Alhamisi. Ijumaa tukaondoka. Namtumbo tulishuka kubadilisha gari, na mwanamke mzee aliyekuwa akiuza ndizi alimtazama Babu, akamtazama tena, akafanya ishara ya msalaba.

"Kasiani?"

"Ndiye mimi."

"Si tulikuzika wewe. Mimi nilipika pombe ya matanga yako."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilichacha," alisema mama yule, bado mkono uko kifuani. "Mvua ilinyesha."

"Basi nawadai nyingine," Babu alisema, wakacheka wote wawili, yule mama akicheka huku anarudi nyuma. Hakumpa mkono. Alitoa ndizi moja, akaiweka chini juu ya gazeti, akasogea pembeni ili aichukue.

Gari la kukodi lilitupeleka kwenye barabara nyekundu, kati ya mabanda ya kukaushia tumbaku. Babu alinitajia miti ambayo haikuwepo tena. Tulipofika chini ya kilima chetu alimwambia dereva asimame, akashuka, akachomeka shati, akapanda kwa miguu, mimi nyuma yake.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Hata katika hali ile mama alikuwa ameamka na kuufagia, na alama za ufagio zilikuwa zimejipinda safi, mawimbi juu ya mawimbi mpaka karibu na njia, kisha zikakoma. Babu alisimama ncha za viatu vyake zikiwa unyayo mmoja kutoka pale. Ng'ambo ya uwanja, chini ya migomba, yalikuwepo makaburi, na la kwake lilikuwa na msalaba wa chuma wenye rangi nyeupe.

Babu Longinus, binamu yao mzee ambaye sasa ndiye anayeshika ukoo, alitoka na fimbo yake. Walisalimiana kwa mbali. Kisha mama na jirani wakamtoa Bibi Otilia ndani, juu ya kiti cha mbao, wakamweka katikati ya uwanja. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, kiganja juu, kama kitu alichopewa ashike na mtu ambaye hakurudi kukichukua.

Jembe lilikuwa limeegemezwa ghalani. Lilikuwa linang'aa.

"Tumsaidie," mama alisema. "Tuufunge mkono wake kwenye mpini, mimi nishike juu yake. Udongo wa kwanza tu. Mengine vijana watachimba."

"Mkono unaoshikwa ni wa anayeshika," Babu Longinus alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Wewe hukulilaza. Wewe ulikuwa tumboni."

"Basi wa kushoto."

"Gogo lililazwa kwa wa kulia."

"Babu, gogo lenyewe limekwisha kuoza," nilisema mimi, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Limeoza tangu mimi sijazaliwa. Mle ndani hakuna kitu. Mnamzuia mtu kwa ajili ya udongo mtupu."

Babu Longinus alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Mjukuu wangu, kama hakuna kitu, huyo dada yake angetoa nini hata akiwa mzima?"

Ninyi mnaoamini kwamba maneno yanafungua milango, niambieni ningesema nini.

"Acheni," Babu Kasiani alisema kutoka njiani. "Msigombane juu ya kichwa chake." Alikuwa akitazama makaburini. "Nani anapaka rangi ule msalaba?"

"Bibi," nilisema. "Kila Novemba, siku ya marehemu. Hakumwachia mtu."

Alikaza macho. "Hakwangui kwanza. Anapaka juu ya kutu. Tazama pale kwenye maungio, imevimba." Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Miaka yote hiyo. Hakuna aliyemwambia akwangue kwanza."

Hapo Bibi Otilia akainua kichwa. Sijui kama ni sauti ndiyo iliyomfikia. Alimtazama mtu yule aliyesimama mwisho wa ufagio wake, akamtazama kwa muda mrefu, na jicho lake la kushoto likajaa maji. Mdomo ukaanza kuhangaika. Tangu aanguke hakuwa ametamka neno moja. Mama akapiga magoti karibu yake.

"Sema, mama. Ndiye Kasiani. Amekuja."

Na Bibi akasema. Maneno yalitoka mazima, bila kukwama, kwa sauti ya kanisani, kwa sababu ndiyo pekee yaliyokuwa yamebaki mahali ambapo ugonjwa haukufika. Aliyasema kila Novemba, na kila usiku kabla ya kulala, maisha yote ya mama yangu na yangu.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Maneno yale ya kuwaombea marehemu yana jibu lake, kila Mkatoliki anajua, hayawezi kuachwa yakining'inia. Lakini mama alikuwa analia, Babu Longinus aliinamisha kichwa, na mimi nikawa natazama jembe.

Babu Kasiani alivua kofia.

"Na mwanga wa milele umwangazie," alisema. "Apumzike kwa amani."

"Amina," alisema dada yake.

Msamala tena

Bibi yuko vilevile. Haongei tena, isipokuwa hayo.

Babu anaishi kwangu, chumba cha uani. Ameshapaka rangi geti, tangi la maji na stendi ya baiskeli ya jirani, vyote kijivu, na amekwangua kwanza. Moyo wake unakwenda kwa namna unavyoweza. Hatuzungumzii atalazwa wapi akifa. Mkija kumsalimu atafurahi, na msimuulize habari za dhoruba.

Asubuhi ninapochukua ufagio, yeye hutoka kimya na kusimama barabarani mpaka nimalize. Nimemwambia hapa si kule, hapa ni nyumba ya kupanga, ufagio wenyewe nimeununua sokoni. Anasema anajua. Nikimaliza, huzunguka nyuma ya nyumba, akipita ukingoni mwa mtaro, na kuingia kwa mlango wa jikoni, asikanyage alama.